Ushauri: boksi la programu, beji na filamu za spidiwei ya zamani ya Uingereza, nianzie wapi?

KijanaWaLongsight

Wakuu habari za jioni. Nina boksi hapa Manchester limejaa vitu vya mbio za spidiwei za zamani. Kuna programu za mechi kama 140, nyingi za timu ya Belle Vue enzi za uwanja wake wa Hyde Road, nyingine za timu za Wembley, Halifax na Exeter. Kuna beji za enameli 23, albamu moja ya vipande vya magazeti vilivyobandikwa kwa gundi, picha za waendeshaji zisizo na jina wala mwaka, na reli tatu za filamu ndogo.

Programu nyingi zimejazwa penseli ndani na pini zake zimeota kutu. Baadhi zina siku na mwezi tu, mwaka hakuna. Nataka kuzipanga kwa miaka, zisiendelee kuharibika, na nijue zipi ni adimu. Yale ya penseli niyafute? Beji nizisafishe? Filamu nizijaribu kwenye projekta ya mtumba?

Kwa wasioujua mchezo: pikipiki za 500cc bila breki, injini ya silinda moja inayokunywa methanoli, watu wanne, mizunguko minne, kona zote za kushoto. Nawasilisha.

KonaYaKushoto

Mkuu, hicho kifutio kiweke mbali kabisa. Wanaotafuta programu safi isiyoguswa wapo, lakini kwa anayefuatilia historia iliyojazwa ndiyo mali, kwa sababu inaeleza kilichotokea siku hiyo, siyo kilichopangwa kutokea. Mwendeshaji aliyechapwa kwenye orodha huenda hakufika. Jina lake limekatwa na la mwingine limeandikwa pembeni kwa mkono. Hilo hulipati popote pengine.

Jinsi ya kuisoma: kila mbio wa kwanza anapata 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho 0. F ni ameanguka, R ameacha njiani, EF injini imekufa, X ameondolewa na mwamuzi. Alama ndogo kama koma juu ya namba, mfano 2', ni bonasi: amemaliza nyuma ya mwenzake wa timu hiyohiyo. Kila shabiki alikuwa na mwandiko wake, kwa hiyo tafuta kwanza mbio moja unayoielewa vizuri, kisha tumia ufunguo huohuo kwa programu zote za mkono ule.

Sasa mwaka. Jumlisha matokeo ya mwisho ya timu zote mbili. Mbio moja ina pointi 6, hivyo 84 ni mbio 14, hesabu ya ligi ya taifa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. 78 ni mbio 13, ambayo utaikuta kwenye Provincial League, kisha British League iliyoanza 1965. 90 ni mbio 15, hiyo ni ya baadaye. Ukipata 83 au 77 usishangae: kuna mbio ambayo waliomaliza hawakufika watatu.

Halafu angalia bei kwenye jalada. Uingereza ilibadili mfumo wa sarafu tarehe 15 Februari 1971. Ukiona 6d (peni 6) au 1/- (shilingi 1) ni kabla ya hapo, ukiona 5p ni baada yake.

FundiMethanoli

Mimi niongelee picha. Acha uso, angalia pikipiki.

Injini yenye silinda mbili zilizolala, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, ni Douglas. Hiyo ni miaka ya mwanzo kabisa, kuanzia 1928. Injini ndefu nyembamba iliyosimama wima ni JAP kutoka Tottenham, kipenyo 80 mm na mwendo wa pistoni 99 mm. Ilitoka 1930 na ikatawala miaka zaidi ya 30, kwa hiyo peke yake haikupi jibu la karibu. Injini fupi iliyo nene ni ESO ya Divišov, Chekoslovakia, baadaye ikaitwa Jawa: 88 kwa 82. Uingereza ilienea miaka ya 1960, mwendeshaji Barry Briggs akiwa mbele katika kuiuza. Weslake ya vali nne ni kuanzia 1975, na Peter Collins aliichukulia ubingwa wa dunia Chorzów, Poland, mwaka 1976. Ukiona injini imelazwa karibu kabisa na ardhi, hiyo ni ya miaka ya 1990 na kuendelea, si ya zamani hata kama picha imefifia.

Mavazi nayo yanasema. Helmeti ya uso wazi na miwani, suti nyeusi ya ngozi: kabla ya miaka ya 1970. Suti za rangi na helmeti za kufunika kidevu: baada ya hapo. Kama picha ni ya rangi, kitambaa cha helmeti chekundu au cha bluu ni mwenyeji. Cheupe na cha njano au kijani ni mgeni.

Kisha kizibao chenye nembo ya timu. Ree ya pau ni Belle Vue, nyundo mbili zilizopishana ni West Ham, nyuki ni Coventry, fuvu na mifupa ni Poole, mchawi juu ya ufagio ni Ipswich. Ukishajua mtu na kizibao, miaka inabana. Ivan Mauger akiwa na ree ya pau ni 1969 hadi 1972. Akiwa Exeter ni 1973 hadi 1977, akiwa Hull ni 1978 hadi 1981. Ole Olsen: Newcastle 1967–69, Wolverhampton 1970–75, Coventry kuanzia 1976. Peter Craven haiwezi kuvuka Septemba 1963, alifariki baada ya ajali Edinburgh akiwa na miaka 29.

Tahadhari moja: kwenye mechi za mtu mmojammoja na za timu za taifa vizibao hivi havivaliwi, na mwendeshaji mgeni anaweza kuazimwa na timu nyingine kwa usiku mmoja. Picha moja isikufunge.

Mgeni77

Beji paka dawa ya meno, sugua na mswaki, zitang'aa kama mpya.

Bi_Nyaraka

Mgeni77, hapana jamani. Dawa ya meno ni mchanga laini. Itakwaruza enameli na kuondoa mchovyo wa dhahabu ulioko kwenye kingo. Brasso, ile dawa ya kung'arisha shaba, ni mbaya vilevile, inaacha unga mweupe kwenye mistari ambao hautoki. Tumia kijiti cha pamba kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kidogo, futa, kausha papo hapo. Usizamishe beji ndani ya maji, yanaingia nyuma ya pini na kutu inaanzia huko. Ikiwa enameli ina ufa, usiiguse kabisa na maji.

KijanaWaLongsight, kazi yako ya kwanza si kusafisha, ni kupiga picha kila kitu kilivyo ndani ya boksi kabla hujakihamisha. Programu iliyokaa katikati ya nyingine mbili inaweza kupata mwaka wake kwa majirani zake.

Pini zenye kutu: fungua kijitabu katikati, weka kadi nyembamba chini ya miguu ya pini ili karatasi isichanike, nyanyua miguu kwa kisu butu mpaka isimame wima, kisha geuza na uvute mgongo wa pini taratibu. Usitumie kile kidude cha ofisini cha kung'olea pini, kinararua. Karatasi ikiwa imeshikana na kutu, iache. Usiweke pini mpya. Kijitabu kitabaki mkao wake ndani ya mfuko.

Mifuko iwe ya polyesta safi, si PVC. PVC utaijua kwa harufu ya plastiki mpya na jinsi inavyonata; baada ya miaka inanyonya wino. Weka programu 20 hadi 25 kwa boksi la karatasi lisilo na asidi, zisimame bila kubanwa wala kulegea zikapinda. Chumba kisiwe dari wala ghala la chini. Unyevu wa asilimia 35 hadi 50 unatosha, na joto lisipande na kushuka.

Albamu usibandue kitu. Karatasi ya gazeti imeshakuwa kavu kama biskuti, ukivuta gundi utabaki na vipande. Weka karatasi laini isiyo na asidi kati ya kurasa, skani ukurasa mzima pamoja na maandishi ya pembeni. Picha skani kwa dpi 600, hifadhi TIFF, na nyuma andika kwa penseli ya 2B tu, ukiwa umeilaza kwenye kioo ili isiache alama mbele. Kalamu ya wino marufuku.

KijanaWaLongsight

Asanteni sana wakuu, na wewe dada Bi_Nyaraka. Penseli inabaki. Hizi zenye siku na tarehe bila mwaka zinakwendaje? Na beji moja ina tembo mwenye kibanda mgongoni, nilidhani ni ya Afrika au India.

KonaYaKushoto

Tembo huyo ni wa Halifax, timu ya Dukes, uwanja wa The Shay. Ametoka kwenye nembo ya kikosi cha jeshi cha Duke of Wellington, ambacho makao yake yalikuwa mji huohuo. India kweli imo, kwa sababu kikosi kilipewa tembo yule kwa vita vyake kule. The Shay ilikuwa na kona zilizoinuka sana, na spidiwei iliondoka pale 1985.

Tarehe ni hesabu tu. Chukua mfano jalada la Belle Vue lililoandikwa Jumamosi 8 Juni. Baada ya vita mpaka 1990, tarehe 8 Juni iliangukia Jumamosi mwaka 1946, 1957, 1963, 1968, 1974 na 1985. Bei ikiwa kwa shilingi, miwili ya mwisho inatoka. Mgeni wa mechi ya ligi akiwa Wembley inabaki 1946, kwa sababu Wembley walijitoa kwenye ligi baada ya msimu wa 1956 na hawakurudi mpaka 1970. Mgeni akiwa Halifax ni 1968, maana baada ya 1951 hawakuonekana tena mpaka 1965. Hatua tatu, mwaka umeupata.

Siku ya wiki husaidia hata kwa karatasi iliyokatika jina la uwanja. London ya zamani ilijigawia usiku: Wimbledon Jumatatu, West Ham Jumanne, New Cross Jumatano, Wembley Alhamisi, Harringay Ijumaa. Belle Vue Jumamosi. Sikukuu na mechi zilizoahirishwa kwa mvua zinavunja utaratibu, na hapo ndipo utakuta tarehe iliyopigwa muhuri juu ya nyingine. Usiutoe huo muhuri.

Kuhusu uadimu: fainali za dunia za Wembley watu wanadhani ni dhahabu. Si kweli kwa nyingi, mashabiki walikuwa makumi ya maelfu na kila mmoja alienda na yake nyumbani. Za kabla ya 1939, hasa 1928 hadi 1930, ndizo ngumu, pamoja na za viwanja vilivyodumu msimu mmoja. Ukikuta ya 1928 safi mno, imulike kwa tochi ya UV. Karatasi ikiwaka bluu-nyeupe ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika karibu 1950, kwa hiyo ni nakala.

FundiMethanoli

Beji zenye kipande cha mwaka kinachoning'inia: hakikisha vijipete vinavyounganisha ni vya zamani. Vipande vya mwaka vilinunuliwa kivyake, mtu anaweza kuvitoa kwenye beji iliyovunjika akavitundika kwenye nyingine. Na ukipitisha ncha ya kidole ukahisi rangi imezama chini ya mistari ya chuma, na nyuma kuna pini ya kubana ya kipepeo, hiyo ni ya kisasa.

KijanaWaLongsight

Nimefungua makopo ya filamu. Mbili matundu yake ni madogo na yako pembeni, usawa wa katikati ya picha, moja matundu ni makubwa na yako kwenye mstari kati ya picha na picha. Hiyo moja inanuka siki.

Bi_Nyaraka

Mbili ni Super 8, kwa hiyo si kabla ya 1965. Ya tatu ni milimita 8 ya kawaida. Reli ya futi 50 ya kawaida ni kama dakika 4 kwa kasi ya picha 16, Super 8 ni dakika 3 na sekunde 20 kwa kasi ya 18. Usitegemee mechi nzima.

Hiyo ya siki itenge leo hii, chumba kingine. Acetati, yaani plastiki ya filamu yenyewe, inaoza na mvuke wake unazichochea nyingine. Usiifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa, na usiipitishe kwenye projekta: imeshasinyaa, meno ya mashine yatayakosa matundu na kuyachana. Itangulie kwenye skana isiyotumia meno, kabla ya zile mbili. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba ina siki, maana wengine hawaipokei.

Ukifika kwenye kutoa, usivunje mkusanyo ukauza moja moja kabla hujaandika orodha. Maktaba ya Chetham's hapo hapo Manchester inahifadhi mkusanyo wa bustani za Belle Vue, waulize kabla ya mnada. Na kumiliki picha si kumiliki haki ya kuichapisha. Angalia muhuri wa mpigapicha nyuma kabla hujaiweka mtandaoni.

KijanaWaLongsight

Imeshatoka, iko kwenye bahasha ya karatasi kibarazani penye kivuli. Kesho naanza na Jumamosi zote za Hyde Road.

KonaYaKushoto

Kibarazani Manchester? Mvua hiyo mkuu. Irudishe ndani, chumba kikavu chenye dirisha.