Kupika bia kwenye matangi ya kukodi Unguja: maji, hamira na karafuu

JikoLaJirani:
Habari zenu wakuu. Chapa tunayo, kiwanda hatuna. Mwenyeji mmoja hapa Unguja amekubali kutukodisha mtambo wake wa lita 500: tunalipa siku moja ya kupika, kisha tunalipia kila siku ambayo bia yetu inakaa tangini. Wateja ni baa za mahoteli ya upande wa Paje na Jambiani, kwa kegi (mapipa ya chuma) tu. Tunataka bia nyepesi ya asilimia 4.5, rangi ya dhahabu, harufu ya karafuu ije kwa mbali.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Maji ya hapa tuyafanyeje? Hamira gani inafaa, ikiwa mashine ya kupozea ni ndogo na umeme hukatika? Na karafuu iingie lini, kiasi gani? Mwenyeji hataki hata kuisikia ndani ya matangi yake.

FundiKimea:
Ndugu, anza na bei ya tangi, maana ndiyo itakayokuchagulia hamira. Bia ya lager inataka nyuzi 10 hadi 12, tena ikae wiki nne au zaidi. Kwa malipo ya siku, hiyo imekushinda kabla hujawasha moto. Chukua kveik ya aina ya Voss, hamira ya mashambani huko Norwei. Inafanya kazi vizuri kwa nyuzi 35 hadi 38 na humaliza kwa siku tatu au nne. Ukiongeza siku tatu za ubaridi, tangi unalirudisha ndani ya wiki.

Faida ya pili ni kwenye kupoza. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 28, kipozeo hakiwezi kushusha maji ya kimea hadi 18 bila barafu au mtambo wa glaikoli (kimiminika cha kupozea). Lakini kufika 35 ni rahisi. Hamira kavu ni gramu 250 hadi 500 kwa bechi yako. Usisahau chakula cha hamira, kwa sababu kveik kwenye bia nyepesi hukosa virutubisho, ikazubaa njiani na kuacha harufu ya kiberiti.

Vipimo vya lita 500: kimea cheupe kilo 95, maji lita 285 yenye nyuzi 71. Ukichanganya, joto litatua kwenye 66. Acha saa moja. Kisha teka kijiko cha maji hayo, mimina kwenye kisahani cheupe, yapoe, udondoshee tone moja la iodini. Likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, ongeza dakika 15. Likibaki na rangi yake ya kahawia, suuza kimea kwa lita 350 za nyuzi 76. Chemsha saa moja na hopsi chungu (maua yanayoipa bia ukali) yenye asidi ya alfa, yaani kiini cha uchungu, asilimia 12, gramu 310. Haidromita (kipimo cha sukari iliyomo) isome 1.044 mwanzo na karibu 1.010 mwisho, hapo ndipo 4.5 inapopatikana. Usiwaahidi watu lita 500 za kuuza. Nyingine zinabaki kwenye hopsi na mashapo ya hamira, kwa hiyo hesabu kegi 14 za lita 30, ikizidi 15.

Nunua kimea cha bechi moja tu na kisagwe siku ya kupika. Kwa unyevu wa kisiwani, gunia lililofunguliwa hulainika na kuingia fukusi. Hopsi zikae kwenye friza, mfuko umetolewa hewa.

Wete_Kaskazini:
FundiKimea amemaliza kwenye hamira. Niongeze maji, maana watu wengi huharibu bia hapo wakamlaumu mpishi.

Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba chokaa. Kwa bia ya dhahabu chokaa hiyo hupandisha pH (kipimo cha uchachu, kikipanda uchachu umepungua), na bia inatoka na ukakasi kama chai iliyosahaulika jikoni. Pima pH ya mchanganyiko dakika kumi baada ya kimea kuingia, sampuli ikiwa imepoa. Lengo ni 5.3 hadi 5.4. Ikiwa juu, tia asidi ya laktiki mililita 20, koroga, pima tena. Ukijikuta umepita mililita 100, hama kwenye asidi ya fosforiki, la sivyo utaanza kuonja mtindi. Maji ya kusuuzia nayo yasizidi pH 6.

Chumvi ni kesi nyingine. Visima vya karibu na ufukwe vikizidi miligramu 250 za kloraidi kwa lita, ulimi unaijua, na kuchemsha hakuiondoi. Hapo ni maji ya mvua au mtambo wa kuchuja chumvi.

Klorini ya bomba iue kwa potasi metabisalfaiti, gramu 8 kwa lita 800, mapema kabla ya kupasha. Kwa bia yenu hili ni lazima. Klorini ikikutana na kimea huzaa harufu ya dawa ya hospitali, na kwenye bia ya karafuu mtaiona mkadhani karafuu imezidi. Mtapunguza karafuu bechi baada ya bechi, na tatizo litabaki pale pale.

MpiraWaValvu:
Mwenyeji wenu ana haki. Mafuta ya karafuu huingia kwenye mipira ya valvu na mabomba, na kostiki (magadi makali ya kusafishia) haiyatoi yote. Bechi yake inayofuata itanukia mchuzi wa pilau. Kwa hiyo karafuu isiguse tangi, iingie kwenye kegi zenu wenyewe.

Loweka gramu 50 za karafuu nzima, kavu, katika nusu lita ya pombe kali isiyo na ladha, siku nne, kisha chuja. Makonyo (vikonyo vya karafuu) msitumie hata kama ni rahisi, yanaleta ukali wa mti. Jaribuni kwanza: glasi ya mililita 200, sindano ya duka la dawa, mililita 0.2 za dawa hiyo ya karafuu. Kwa kipimo hicho kegi ya lita 30 inachukua mililita 30. Onja na bia ikiwa baridi, kwa sababu ikipata joto karafuu hupanda.

Na nyinyi pia mlindeni mwenyeji na hamira. Kama aliwahi kupika saison (bia kavu ya asili ya Ubelgiji), muulizeni aina ya hamira. Nyingi zina jeni la STA1, zinakula sukari ambayo hamira nyengine zinaiacha, na mabaki kidogo tu yanatosha kuifanya kegi yenu iendelee kuchachuka baani. Kabla ya kupika: kostiki asilimia 2 ya nyuzi 70 kwa nusu saa, suuza, asidi, suuza, kisha asidi ya peraseti (ya kuua vijidudu) ya 200 ppm, yaani miligramu 200 kwa lita. Fungueni valvu ya kuchukulia sampuli muisugue kwa mkono. Uchafu hujificha humo.

JikoLaJirani:
Nashukuru sana wakuu. Umeme ukikatika siku ya pili ya ubaridi je? Na karatasi za vibali?

FundiKimea:
Kuchachua hakudhuriki. Kwenye ubaridi, msifungue tangi na msiondoe hamira ya chini hadi lirudi nyuzi 2, maana joto linaitibua. Gesi ilengwe kwenye 0.8 bar kwa nyuzi 4. Kegi ikifika Paje ikiwa ya moto itatoa povu tupu, basi baa iilaze kwenye baridi siku nzima kabla ya kuifungua.

Kupikia kwa watu si jambo geni. Kampuni ya bia ya Mikkeller ya Copenhagen ilianza 2006 na ikapikiwa bia zake kwenye kiwanda cha De Proef huko Ubelgiji. Lakini kwa hapa, kabla ya kununua kimea, nendeni Bodi ya Udhibiti wa Vileo na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) mkaulize kibali na ushuru vinasimama kwa jina la nani, lenu au la mwenyeji.

MpiraWaValvu:
Na kwenye mkataba andikeni nani anabeba hasara bechi ikichacha. Kila upande uweke chupa mbili za sampuli, zenye tarehe na usomaji wa haidromita, moja kwenye friji na moja kwenye joto la chumba.