Mtoto akiwa hatarini, nani ahame nyumba?

Mwalimu wa Tukuyu:
Wadau, poleni na baridi. Kuna mwanafunzi wangu wa darasa la tano alikuwa akija shule na alama za waya mgongoni. Baba wa kambo. Nilipiga 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto, akaja ofisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na jioni ileile mtoto akapelekwa kwa mlezi wa kuaminika mjini Mbeya. Sipingi, alikuwa anaumia. Ila tazameni hesabu yenyewe: mtoto kapoteza kitanda, shule, marafiki na mbuzi wake. Yule bwana alihojiwa, akadhaminiwa, sasa yuko kwake anakunywa chai. Nasema hatua ya dharura imtoe mkosaji, mtoto abaki.

Dada wa Uyole:
Mwalimu, kumtoa mtu kwenye nyumba yake kunataka amri ya mahakama, na usiku hakimu kalala. Mtoto anabebwa leo. Kisha ofisa anaiomba mahakama amri ya matunzo ya Sheria ya Mtoto ya 2009: inamwondoa mtoto kwenye madhara, ofisa anabeba wajibu wa mzazi. Mbona mnaiona kama adhabu?

Mwalimu wa Tukuyu:
Kwa sababu yeye anaiona hivyo, dada.

Mnyalu wa Kilolo:
Mimi napinga yote mawili. Jirani mna ugomvi wa mpaka wa shamba la viazi, kesho anakwenda kusema unatesa mtoto, unafukuzwa kwako kabla hujasikilizwa! Ukoo ukae, shangazi amchukue mtoto, yaishe.

Mwalimu wa Tukuyu:
Ukoo ulikaa, kaka. Mara mbili. Mara ya kwanza alitozwa jogoo na kimpumu, wazee wakanywa, mtoto hakuambulia hata shingo. Mara ya pili wakasema mimi ndiye ninayevuruga nyumba ya watu. Na sheria hiyohiyo inasema mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuzifikisha serikali za mitaa. Haisemi azifikishe kwanza kwenye kikao cha pombe.

Dada wa Uyole:
Kuhusu uzushi, Mnyalu ana hoja, lakini amri ya muda ni ya muda. Ushahidi usipokuwepo inaondolewa, na aibu utaishi nayo. Mtoto aliyekufa je? Mimi kinachonisumbua kwenye wazo la mwalimu ni kingine. Shamba la nani? Nyumba ya nani? Kama mama anakula kwa mkono wa yule bwana, umtoe leo, kesho usiku mama mwenyewe ndiye atakayemfungulia mlango. Amri bila debe la mahindi ni karatasi tu. Anayetaka mkosaji atoke, aseme pia mama atalishwa na nani muda wote huo.

Mwalimu wa Tukuyu:
Hapo umenibana. Sikulifikiria.

Mama Ntilie Mwanjelwa:
Samahani naingilia. Mtoto ameulizwa? Maana ana haki ya kutoa maoni, au tunabishana juu ya kichwa chake?

Mwalimu wa Tukuyu:
Nilimuuliza jana kwa simu ya mlezi wake. Hakuzungumzia nyumba. Alitaka kujua mdogo wake siku hizi analala na nani.

Dada wa Uyole:
Ngoja. Kuna mdogo wake mle ndani bado?

Mwalimu wa Tukuyu:
Yumo. Ana miaka sita. Walimkagua, wakasema hana alama.