Stoo ni moja: nibaki na Peugeot 504 ya marehemu mzee, au nijenge reli ya Tororo?

MtotoWaKota, Tororo
Habari zenu wakubwa. Nimelelewa kota za reli hapa Tororo. Baba yangu alikuwa akiunganisha mabehewa stesheni mpaka alipostaafu. Alifariki miaka sita iliyopita akaniachia Peugeot 504, ile ya gia kwenye usukani. Tangu hapo iko stoo. Kila Jumapili naifuta vumbi, na kiti cha dereva bado kina doa jeusi la mafuta pale alipoegemeza bega la koti lake la kazi.

Kwa muda mrefu nataka kuijenga stesheni yetu kwa treni ndogo za mfano: reli inatoka Malaba, inagawanyika hapa, moja inashika Jinja na Kampala, nyingine inakata kaskazini kwenda Mbale, Soroti hadi Pakwach, na Mwamba wa Tororo umesimama nyuma. Binti yangu wa miaka 12 ameshaichora yote kwenye karatasi ya manila. Nafasi niliyo nayo ni hiyo stoo tu, mita 3 kwa mita 5 na nusu, na gari limeijaza.

Jamaa wa Mbale anataka nimpe 504 na milioni 9 juu, anipe Subaru yenye kamera zinazopiga breki zenyewe. Mke wangu huenda kazini Mbale kila siku na amelipenda wazo hilo. Ndugu zangu wanasema nimeng'ang'ania chuma. Nishaurini. Na treni ninunue za ukubwa gani?

PointiTatu, Jinja
Pole kwa mzee, ingawa siku zimepita. Nianze na reli. Usikimbilie seti ya kawaida ya HO, yaani 1:87, sentimita moja ya mfano kwa sentimita 87 za kweli. Njia yake, yaani nafasi kati ya reli mbili, ina upana wa milimita 16.5, na kwa skeli hiyo ni ile reli pana ya Ulaya, milimita 1,435. Yetu ni ya mita moja. Aliyekulia kota ataona kasoro kabla hajaketi: treni imetanua miguu. Kuna njia ya milimita 12 wanayotumia wanaojenga reli za milimani za Uswisi, lakini bei yake inauma.

Mimi nilichukua njia hiyo hiyo ya 16.5 nikajenga kila kitu kwa 1:64. Mita moja gawa kwa 64, unapata milimita 15.6, jicho halioni tofauti. Injini ya HO unabaki na mota na magurudumu, bodi unaikata upya kwa plastiki nyembamba. Binti yako atafurahi zaidi: vigari vingi vya chuma vya kuchezea viko karibu na 1:64, kwa hiyo uwanja wa stesheni unajaa bila taabu.

Garratt, ile injini kubwa ya mvuke, iache kwanza, najua kila mtu anaitaka. Ile ya daraja la 59 ilikuwa na urefu wa karibu mita 32, kwa 1:64 ni nusu mita, kona zako haitazipinda. Tena kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa na Nairobi. Anza na dizeli fupi na mabehewa matano ya saruji. Hayo ndiyo baba yako aliyafunga kwa mikono yake.

FundiBugembe
Usimpe jamaa wa Mbale! Tangu sheria ya 2018 gari dogo lililotimiza miaka 15 haliingizwi nchini, kwa hiyo 504 ikikutoka hutaagiza nyingine. Hili ni gari lililoshinda mbio za Safari Rally 1975 na 1978. Anayestahili kuongeza pesa ni yeye.

Ila usiliwashe kwa papara. Mwaga petroli yote ya zamani. Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, acha ilale usiku mzima, kisha zungusha injini kwa mkono. Mipira ya breki badilisha yote hata kama inaonekana mizima, maana huoza kwa ndani. Halafu piga magoti, chokoa chini ya milango kwa bisibisi. Ikizama, hapo ndipo pesa zako zitakapokwenda.

MamaPili, Lira
Naomba nimtetee mke wako. Naendesha Subaru yenye kamera hizo. Jioni moja nikitoka Karuma lori lilisimama ghafla mbele yangu, na gari likashika breki kabla mguu wangu haujafika. Siku ile nilishuka, nikakaa kando ya barabara nikamshukuru Mungu.

Lakini kamera zinatazama kupitia kioo cha mbele. Tope, ukungu au jua la machweo vikizikinga, mfumo unajizima na kuwasha taa ya onyo. Kwangu kokoto lilipasua kioo, fundi akaweka kingine bila kuzipima kamera upya, nikakaa miezi bila msaada wake. Na palipofutika mistari ya barabara, ile onyo ya kutoka njiani inanyamaza. Mnunulieni mama gari lake kwa pesa zake, taratibu, mkikagua kioo kwanza. Msimlipie kwa gari la mkwe wake.

MtotoWaKota, Tororo
Nimesoma yote mara mbili na mke wangu. Tumepima: gari lina upana wa mita 1.69, inabaki mita 1.3 na kitu. Rafu ya sentimita 60 inaenea ukutani, na binti anataka ipinde kupita juu ya boneti. Ila umeme wetu hukatika sana.

FundiBugembe
Treni hizo za kawaida zinakula volti 12 za moja kwa moja, sawa na betri ya 504. Weka kidhibiti cha mwendo, na fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na betri, la sivyo waya ukigusana utaungua.

MtotoWaKota, Tororo
Asante sana ndugu zangu. Jamaa wa Mbale nimeshampigia. Jumamosi tunatoa plagi. Plaiwudi nimenunua leo, na mke wangu ameanza kuweka akiba yake.