Naombeni ushauri: mke anataka uzazi wa mpango, mume ana wasiwasi

Wadau wa afya ya uzazi, hasa mlio Tanga mjini, Pangani na Muheza, shikamooni. Dawa tunazijua, kinachotushinda ni mazungumzo ya wanandoa.

Sindano ya miezi 3 hupendwa kwa kuwa haiachi alama. Vijiti, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, mume huvipapasa. Lakini kwa sindano, mwanzoni damu hutoka matone matone bila mpangilio, na baadaye kwa wengi hukata. Mume anasema damu inajaa tumboni. Haijai: homoni imefanya ukuta wa mfuko wa uzazi kuwa mwembamba, hakuna cha kutoka. Wakiacha, ugomvi mwingine: mimba huweza kuchelewa miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho, na mashoga zake mke wameshasema kizazi kimeharibika.

Wake za wavuvi waendao dago (kambi za uvuvi mbali na nyumbani) wana lao. Mume akiondoka, vidonge vinawekwa kando. Akirudi vinaanzwa usiku huohuo. Vidonge vya mchanganyiko (vyenye homoni mbili) vikianzwa katikati ya mzunguko vinataka kondomu siku 7, na kondomu ndani ya ndoa mnajua inavyopokewa.

Je, mnamwita mume tangu siku ya kwanza, au mnamsikiliza mke kwanza peke yake? Mimi naegemea la pili. Aliyekuja kwa siri hatafunguka mbele ya mumewe. Na kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, kisicho na homoni na kinachokaa hata miaka 10, hedhi nzito ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo mnamwelezaje mume kabla hajaiona?