Nataka kuwa fundi wa vifaa vya kompyuta: nianzie chuoni au karakana?

Mwanagenzi wa Tanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaishi Tanga mjini na nimemaliza kidato cha nne nikiwa na matokeo ya wastani. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasaidia majirani, pamoja na shule moja iliyo karibu nasi, kuweka Windows upya, kuondoa virusi na kubadilisha kibodi za kompyuta mpakato, na kazi hii nimeipenda kiasi kwamba ningetaka iwe ndiyo riziki yangu. Mjomba wangu yuko tayari kunigharimia jambo moja tu: ama ada ya chuo, ama vifaa vya kazi ili nikajifunze katika karakana ya fundi mmoja hapa mjini. Naomba wenye uzoefu mnishauri lipi litangulie.

Nina swali jingine dogo. Shule hiyo imeniletea kompyuta ya mezani ambayo ukibonyeza kitufe cha kuwasha, feni huzunguka kidogo tu kisha kila kitu huzima. Kila niliyemuuliza ameniambia ninunue pawa saplai nyingine, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Je, ninunue?

Fundi wa Ilala alijibu:

Mdogo wangu, nianze na hilo swali uliloliita dogo, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la lile kubwa. Usinunue chochote kabla hujapima.

Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliosalia uishe. Shika bati la kasha mahali pasipopakwa rangi, maana umeme tuli wa mwilini huweza kuua chipu bila wewe kuhisi lolote. Pawa saplai yenyewe usiifungue: umeme wetu ni wa volti 230, na kapasita zake kubwa (vihifadhi umeme vya ndani) zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Sasa ondoa diski, kadi ya picha kama ipo, kebo za matundu ya USB ya mbele, na RAM (vibao vya kumbukumbu) zote isipokuwa moja. Rudisha umeme ujaribu. Ikibaki imewaka, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukiizima na kuichomoa kila mara, mpaka umpate mkorofi. Katika kompyuta za shule mimi huanza kutazama matundu ya USB ya mbele, kwa kuwa wanafunzi huchomeka flashi kwa nguvu, pini za ndani zikapinda na kugusa bati, hapo ikawa shoti na pawa saplai ikajizima ili kujilinda. Ukiibadilisha, hata hiyo mpya itajizima vilevile, na mwenye shule atakuwa amepoteza fedha.

Ikiendelea kuzima hata baada ya kuondoa vyote hivyo, hakikisha plagi ya volti 12 inayolisha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) imeingia sawasawa, kisha chukua multimita, yaani kipima umeme. Katika pawa saplai za ATX, yaani za muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani, waya wa zambarau unapaswa kutoa volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, alimradi iko kwenye umeme. Mashine ikiwaka, waya wa njano hutoa 12, mwekundu 5, na wa chungwa 3.3, na kila mmoja unaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu. Yaani ule wa volti 12 ukisoma chini ya 11.4, hapo ndipo unapoweza kuishuku pawa saplai kwa haki. Baadhi ya mashine za HP na Dell zina plagi zake zenyewe, kwa hiyo thibitisha kwanza mpangilio wake.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu kazi yetu yote iko hapo. Mtu yeyote anaweza kufungua skrubu na kubadilisha kifaa. Anayelipwa kwa heshima ni yule anayejua kifaa gani kimekufa na kwa nini, na hilo hulijui mpaka umeona mashine nyingi mbovu zikipita mbele yako. Ndiyo maana naona karakana itangulie. Nunua multimita nzuri, bisibisi za ukubwa mbalimbali, brashi laini, spiriti ya isopropili na pesti ya kupoza prosesa. Vifaa vya kulehemu vije baadaye, na ujifunzie kwenye bodi zilizokwisha kufa, kamwe si kwenye mali ya mteja.

Mwanagenzi wa Tanga:

Kaka, nashukuru sana. Nimezichomoa kebo za USB za mbele, na mashine imewaka ikabaki imewaka. Tundu moja limepinda kama ulivyosema. Lakini bila cheti, ofisi za watu zitanipokea?

Mwalimu wa TEHAMA, Morogoro, alijibu:

Ndugu yangu Fundi amefundisha vizuri, ila mimi natofautiana naye kidogo. Nimewapokea vijana wengi waliotoka karakana wakiwa na mikono myepesi, lakini ukimuuliza kwa nini chaja ya volti 19 yenye ampea 2.3 haifai kwenye kompyuta inayohitaji ampea 4.7 ilhali volti ni zilezile, hana jibu. Msingi wa umeme, yaani uhusiano wa volti, ampea na ukinzani, hufundishwa kwa utaratibu chuoni, na anayeukosa hukwama siku anapotakiwa kusoma mchoro wa saketi ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta).

Kuhusu cheti, milango ni zaidi ya mmoja. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ina kituo cha Kipawa jijini Dar es Salaam ambacho kimejikita katika TEHAMA. Vilevile VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazi nje ya chuo hupimwa kwa vitendo, na akifaulu hupewa cheti. Kwa hiyo ukianza karakana leo hujajifungia mlango wa cheti, alimradi utunze kumbukumbu za kazi unazofanya. Ukitaka kufika stashahada, tazama vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na uhakikishe usajili huo kabla ya kulipa ada yoyote. Cheti cha kimataifa cha ufundi wa kompyuta kiitwacho CompTIA A+ kina mitihani miwili na hudumu miaka mitatu. Ni kizuri, lakini kisubiri mpaka uwe na kipato chako.

Mama wa Ofisi, Arusha, alijibu:

Mwanangu, mimi si fundi. Ninasimamia ununuzi katika ofisi yenye kompyuta nyingi na ndiye ninayewaita mafundi, kwa hiyo nakueleza kile ambacho sisi wateja hukitazama.

Cheti hutufanya tukuite mara ya kwanza. Kinachotufanya tukuite tena ni namna unavyozitunza siri zetu. Kompyuta ninayokukabidhi ina mishahara ya watu, barua na nakala za vitambulisho, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usifungue faili lisilohusiana na tatizo, na usiweke Windows upya kabla hujaniuliza kama kuna kitu cha kunakili. Diski niliyokupa iliyoharibika usimpe mtu mwingine wala kuiuza kama spea.

Kazi zipo. Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zinahitaji mtu wa kuzieleza kwa ukweli ni mashine zipi zina TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) na prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na zipi hazistahili kuongezewa fedha. Nyingine huwa afadhali sana ukizibadilishia diski ya zamani kwa SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi zaidi. Kwenu Tanga kuna chumvi ya bahari pia, kwa hiyo ipendekezee shule hiyo mkataba wa kusafisha vumbi na kutu kila muhula.

Mwisho, toza ada ya uchunguzi na uitaje kabla ya kufungua kasha, hata kama ni ndogo. Andika katika risiti ulichopima, ulichokikuta na ulichobadilisha, kisha nirudishie mkononi kile kifaa kibovu ulichokitoa.