Tupeane uzoefu: vifaa vya umeme vilivyotoka nje kwa volti zisizo zetu

Mzigo Njiani (Dar): Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu yuko Ohio anajaza kontena, kila siku ananitumia picha: maikrowevu, pasi, mashine ya kunyolea. Kule soketi ni volti 120, huku 230. Mliowahi kupokea mizigo ya hivi, kipi kilipona na kipi kilikufa?

Bint Tanga: Shangazi alitoka Houston na pasi. Mjomba akakata plagi, akafunga ya pini tatu. Ilipata moto haraka mpaka tukaisifia! Dakika mbili hazikuisha, harufu, kisha kimya.

Fundi Waya: Pole dada. Kifaa cha kupasha moto ukikipa volti karibu mara mbili, nguvu inapanda karibu mara nne. Pasi ya wati 1200 ilikuwa inavuta zaidi ya 4000. Isingefika mbali.

Mnyeri Minneapolis: Mimi niko huku Marekani. Birika linachemka kwa kudra za Mungu, maana soketi ya kawaida inaishia kama wati 1500. Ila nyumba hizi zina 240 pia. Transfoma inaleta nyaya mbili za moto na nyutro (waya usio na moto) katikati: moto na nyutro ni 120, moto na moto ni 240, ndiyo ya jiko na mashine ya kukaushia nguo. Transfoma yenyewe ni kipipa juu ya nguzo, nyumba chache tu, kwa sababu volti ndogo hupotea sana njiani. Kwetu transfoma moja kubwa inabeba mtaa mzima, ikiungua tunalala giza sote.

Wa Osaka: Njooni Japani mshangae. Volti 100 nchi nzima, lakini Tokyo hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), Osaka 60! Karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Wajerumani, Osaka za Wamarekani, hawajapatana mpaka leo. Rafiki yangu alipohamia huku aliacha maikrowevu yake Tokyo, ilikuwa ya hezi 50 tu.

Fundi Waya: Kwenye hezi ndiko pesa za watu zinakopotelea, maana kwetu ni 50, Marekani 60. Stepu-dauni, ile transfoma ndogo ya nyumbani, inashusha volti, hezi haizigusi. Mteja alileta saa ya mezani ya Marekani, ile inayohesabu mapigo ya umeme. Volti tukaziweka sawa, lakini kila saa moja ikabaki nyuma dakika kumi. Maikrowevu ya 60 ndiyo mbaya zaidi, transfoma yake ya ndani inachemka. Chaja za simu na laptopu zilizoandikwa 100-240V, 50/60Hz badilisha plagi tu.

Mama Jeddah: Fundi, friji ya huku Saudia ni 220, plagi pini tatu kama ya kwetu. Nilete?

Fundi Waya: Mama, Saudia ni hezi 60. Soma kibandiko cha nyuma, karibu na kompresa. Kikisema 50/60, lete. Kikisema 60 peke yake, iuze hukohuko, nauli yake utaongezea ya hapa.

Mzigo Njiani: Maikrowevu na pasi kaka amezirudisha dukani. Mashine ya kunyolea amegoma.

Fundi Waya: Ya sumaku hiyo, inayotikiswa na mapigo ya umeme? Ije na stepu-dauni yake, na kinyozi avumilie kelele, maana hezi zitabaki 50.