Dawa za Babu na kisima chetu

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Shomari*

Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleikum wanangu. Nasafisha kabati la marehemu babu yenu. Dawa tele zimeisha muda: za presha, za sukari, na amoksilini nusu chupa. Nizimwage chooni?

Hamisi: Waaleikum salaam Shangazi, shikamoo. Mwaga tu, zitapotelea humo humo.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Tafadhali subiri! Shimo la choo liko upande wa juu wa kisima, na Kigamboni udongo wetu ni mchanga mtupu. Kinachoingia shimoni kinashuka na maji.

Hamisi: Dada, si tunachemsha?

Rehema: Kuchemsha kunaua vijidudu. Dawa si kijidudu, inabaki sufuriani. Hata klorini inaondoa baadhi tu.

Shangazi Mwanaidi: Yaani tunakunywa dawa za watu?

Rehema: Usiingiwe na hofu Shangazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) walilichunguza hili mwaka 2012, wakasema kiasi kilichoonekana kwenye maji ya kunywa ni kidogo mno, kwa kawaida hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya dozi ndogo kabisa ya tiba. Ila vipimo hivyo vingi ni vya nchi tajiri. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya kupima mabaki ya dawa kwenye mito 258 katika nchi 104, na Addis Ababa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochafuka zaidi, pamoja na Lahore ya Pakistani na La Paz ya Bolivia. Mimi kinachonikosesha usingizi ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama hiyo amoksilini. Vijidudu vikikaa kwenye dawa kidogo kidogo vinaizoea, halafu mtoto akiugua haimsaidii.

Mjomba Athumani: Huku Uswidi dawa zilizobaki tunarudisha famasi. Mji wa Linköping tangu 2017 unapitisha majitaka kwenye gesi ya ozoni ili kuvunja mabaki ya dawa. Hata ile jeli ya diklofenaki ya maumivu ya viungo, tunaambiwa ukishapaka futa mikono kwa karatasi kwanza, ndipo unawe. Karatasi inatupwa kwenye taka.

Shangazi Mwanaidi: Si ndiyo ninayopaka goti kila jioni! Na mikono nanawia pale pale kisimani.

Rehema: Anza na karatasi leo leo Shangazi. Lakini dawa zako za presha usiache hata siku moja. Dawa nyingi zinaingia ardhini kwa mkojo, mwili hautumii zote, na hilo linatibiwa kwa choo kukaa mbali na kisima. Hamisi, shimo jipya linachimbwa wapi?

Hamisi: Nyuma ya jiko. Fundi anakuja Jumamosi.

Rehema: Hapo ni karibu mno! Inatakiwa kama mita 30, tena upande wa chini.

Hamisi: Kiwanja hakifiki huko.

Rehema: Basi ajenge tangi la zege, na chini pia zege, liwe linanyonywa na gari la majitaka. Ni ghali, najua. Mimi nitachangia.

Mjomba Athumani: Na mimi nimo.

Shangazi Mwanaidi: Mungu awabariki. Sasa hizi dawa?

Rehema: Ziulizie kwanza dirisha la dawa hospitalini kama wanapokea. Wakikataa, toa vidonge kwenye pakiti, changanya na majivu na majani ya chai yaliyokwisha tumika, tia kwenye kopo, funga vizuri, peleka kwenye taka zinazobebwa na gari. Usichome.

Shangazi Mwanaidi: Kuna na sindano za insulini, babu alizifunga kwenye gazeti.

Rehema: Hizo usiziguse kabisa, na wajukuu wasikaribie. Nikitoka kazini napita na galoni gumu lenye kifuniko, nitazipeleka hospitali mwenyewe.

Hamisi: Nampigia fundi asianze kuchimba.